Maswali ya Wasomaji: Wakisema Damu Imepungua, Ni Nini Kilichopungua?

Barua nyingi za mwezi huu zimekuja na karatasi za maabara, na karibu zote zina neno lile lile: "damu kidogo". Neno hilo linabeba mizigo mingi isiyolingana, kwa hivyo tumechagua sita tuzijibu kwa kirefu au kwa kifupi, kadiri jambo lenyewe linavyodai.

Sina kidonda popote. Damu imeenda wapi?

*Nina miaka 34. Nilikwenda kupimwa kwa sababu ya kuchoka na kizunguzungu, hata ngazi za ploti yetu zinanishinda. Karatasi inasema HGB 9.8, MCV 67, WBC 6.1, PLT 512. Nikaambiwa tu, "Damu ni kidogo, ule vizuri." Nifafanulieni tafadhali. – Mama Wawili, Umoja*

Mama Wawili, damu yenyewe haijaenda popote. Mtu mzima ana takriban mililita 70 za damu kwa kila kilo ya uzani wake, kwa hivyo mwanamke wa kilo 60 ana lita nne na ushei. Asipovuja kwa ghafla, kiasi hicho hakiyumbi sana, maana mwili hujazia maji. Kinachopungua ni kilichomo ndani.

Damu iliyozuiwa kuganda ikiachwa itulie kwenye chupa nyembamba hujitenga tabaka tatu. Juu kuna maji ya manjano hafifu, yaani plazma, zaidi kidogo ya nusu ya chupa. Chini hutua seli nyekundu, asilimia 40 hadi 45 hivi. Katikati kuna utando mweupe mwembamba kama malai juu ya maziwa. Humo mna seli nyeupe na chembe sahani (vijichembe vinavyosaidia damu kuganda), na zote pamoja hazifiki asilimia moja. Karatasi uliyonayo inahesabu seli hizo tu, plazma haiigusi. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na ini bovu au sukari iliyopanda, na karatasi kama yako ikatoka safi.

HGB ni himoglobini, protini yenye chuma inayobeba oksijeni. Molekuli moja hubeba oksijeni nne, na seli nyekundu ni kifuko kilichosheheni protini hiyo, hakina hata kiini. Seli ilikitupa kiini chake ilipokuwa ikikomaa kwenye uboho wa mfupa ili ipate nafasi ya mzigo. Mwanamke asiye mjamzito huhesabiwa ana upungufu akiwa chini ya gramu 12 kwa desilita, mjamzito chini ya 11, mwanamume chini ya 13. Vipimo hivyo ni vya mtu wa usawa wa bahari. Nairobi iko juu mita 1,700 hivi, hewa ni nyepesi, na figo zetu huutumia uboho homoni ya kuuhimiza utengeneze seli zaidi. Mkazi wa hapa anatarajiwa kuwa juu ya mwenzake wa Mombasa kwa nusu gramu hadi gramu moja. Kwa hivyo 9.8 yako ni ndogo kuliko inavyoonekana.

Namba inayosema mengi zaidi ni MCV, yaani ukubwa wa seli nyekundu. Kawaida ni 80 hadi 100, nawe una 67. Uboho wako unafanya kama mama wa mandazi aliyepungukiwa unga: bado anakaanga, ila mandazi yanatoka madogo na mepesi. Unga wenyewe hapa ni chuma, na kwa mwanamke wa umri wako njia kubwa ya chuma kutoka ni hedhi. Seli nyekundu huishi siku 120 hivi, kisha wengu na ini huzivunja na chuma chake hurudishwa kiwandani. Mwili haukitupi ovyo. Lakini kila mililita ya damu nzima inayotoka nje huondoka na nusu miligramu ya chuma. Hedhi ya mililita 80 ni miligramu 40, na chakula cha siku nzima huingiza miligramu moja au mbili tu zinazonyonywa kikweli. Ukibadilisha pedi iliyolowa kabla ya muda wa saa mbili kupita, ukiona madonge yanayofikia sarafu ya shilingi ishirini, au siku zikipita saba, hedhi hiyo ni nzito na inahitaji matibabu yake yenyewe. Kumeza chuma bila kuitibu ni kuteka maji kwa pakacha. (Mwanamume, au mwanamke aliyekoma hedhi, akipata karatasi kama hii, atafutwe vidonda vya tumbo, minyoo ya safura au uvimbe wa utumbo. Asiambiwe tu ale vizuri.)

WBC 6.1 ni seli nyeupe 6,100 kwa mikrolita. Kawaida ni 4,000 hadi 11,000. Jumla hiyo haitoshi peke yake. Omba mgawanyo wake: nutrofili ndizo hukimbilia bakteria kwanza na kufia hapo hapo, na usaha unaouona kwenye jipu ni maiti zake, limfosaiti hutengeneza kingamwili na kukumbuka chanjo, esinofili hupanda mtu akiwa na minyoo au mzio.

PLT 512 ni chembe sahani 512,000, na mwisho wa kawaida ni 450,000. Isikutishe. Upungufu wa chuma wenyewe huzipandisha, na hushuka chuma kikirudi.

Rudi ukaombe kipimo cha feritini, yaani ghala la chuma. Ikiwa chini ya 15, jibu limepatikana. Ikiwa ya kawaida na seli bado ni ndogo, huenda ni thalasemia, hitilafu ya kurithi katika utengenezaji wa himoglobini, ambayo si haba kwa watu wenye asili ya Pwani, na hiyo haiponi kwa vidonge vya chuma. Ukiwa na homa au maambukizi siku ya kupimwa, feritini hupanda kwa uongo, kwa hivyo subiri upone.

Presha ya chini na damu kidogo

*Nina presha 95 kwa 60. Jirani anasema hiyo ndiyo damu kidogo, ninywe soda. – Dereva wa boda, Kawangware*

Ndugu, jirani amechanganya maji na bomba. Presha ni nguvu ya msukumo kwenye mishipa. Himoglobini ni mzigo unaobebwa. Mtu anaweza kuwa na presha ya 95 na himoglobini ya 16, na mwingine akawa na presha ya 150 huku himoglobini ni 7. Mashine ya mkononi haipimi damu kidogo, na tone la kidoleni halipimi presha. Kama huna kizunguzungu ukisimama na huendi haja nyeusi kama lami, 95 kwa 60 inaweza kuwa ndiyo kawaida yako. Kwenye jua la kutwa juu ya pikipiki, maji yatakufaa kuliko soda.

Bitiruti inaongeza damu?

*Nina mimba ya miezi mitano, himoglobini ni 10.2. Kila mtu ananiambia ninywe juisi ya bitiruti na soda nyeusi. Nina wiki tatu sasa, na vidonge vya kliniki vinanichafua tumbo hivyo nimeviacha. – Dada wa Kayole*

Dada, rudia vidonge. Rangi ya bitiruti si ya damu, ni rangi ya mmea tu. Gramu mia za bitiruti zina chini ya miligramu moja ya chuma, na kidogo tu cha hicho ndicho hunyonywa. Ajabu ni kwamba mkojo kugeuka mwekundu baada ya kuila hutokea zaidi kwa watu waliopungukiwa chuma, kwa hivyo huyo anayefurahi kuwa "damu imejaa mpaka inamwagika" huenda ndiye mwenye upungufu. Soda nyeusi ina sukari na rangi, basi.

Kidonge cha kliniki ya wajawazito kina miligramu 60 za chuma pamoja na asidi ya foliki miligramu 0.4. Foliki ni ya kuzigawanya seli. Ikikosekana, seli nyekundu hutoka chache na kubwa kupita kiasi, kinyume cha zile za Mama Wawili. Tumbo likichafuka, usiache. Meza usiku kabla ya kulala, au baada ya chakula chepesi; utapoteza sehemu ya unyonyaji, lakini kidonge kilicho tumboni kinashinda kilicho kwenye droo. Ukiona choo cheusi, hiyo ni chuma kilichobaki. Choo kikikauka, ongeza maji na matunda. Na kwa kuwa himoglobini yako tayari iko chini ya 11, mwambie muuguzi. Huenda kipimo kikaongezwa. Baada ya wiki nne pima tena: isipopanda angalau gramu moja, ama humezi, ama hakinyonywi, ama tatizo si chuma.

Adui mkubwa wa chuma katika nyumba za Nairobi ni chai. Kikombe kinachoteremshia ndengu kinaweza kukizuia zaidi ya nusu ya chuma kilichomo, na maziwa ya chai yana kalsiamu inayozuia pia. Si lazima uiache. Itenge na mlo na kidonge kwa saa moja au mbili. Mahali pake weka chungwa, nyanya mbichi au ndimu, kwa sababu vitamini C hukigeuza chuma cha mboga kuwa katika hali inayopenya utumbo. Loweka maharagwe usiku kucha umwage maji. Uji uliochachushwa hutoa chuma chake vizuri kuliko uliopikwa moja kwa moja, maana uchachu huvunja kinachokishikilia chuma. Omena, nyama nyekundu, terere na managu vyote vinasaidia, lakini chuma cha nyama na samaki hunyonywa mara kadhaa zaidi kuliko cha mboga, na kipande kidogo cha nyama huvuta hata kile cha mboga iliyo sahani moja nacho. Maini yana chuma kingi, ila wewe uliye mjamzito usiyale mara kwa mara. Vitamini A yake ni nyingi mno kwa mtoto. Unga wa pakiti umetakiwa na sheria kuongezwa chuma tangu 2012. Ule wa kusagiwa mtaani mara nyingi hauna.

Vidonge hivyo vifungie mbali. Ni vya rangi, vinafanana na peremende, na mtoto akimeza vichache tu vinaweza kumuua.

Nilichanga damu, kisha nikaambiwa ninachohitaji hakipo

*Binamu yangu ana saratani ya damu. Ndugu watano tulichanga damu asubuhi, jioni tukaambiwa chembe sahani hakuna. Damu yetu ilienda wapi? – Kijana wa Githurai*

Damu mliyotoa haimwendei mgonjwa wenu moja kwa moja, na ni vyema isimwendee. Kwanza hupimwa Virusi vya Ukimwi, hepatitisi B, hepatitisi C na kaswende, kisha kundi. Isiyopita hutupwa.

Inayopita hugawanywa. Mfuko ulioujaza una mililita 450 za damu na mililita 63 za dawa ya kuzuia kuganda, na umeunganishwa kwa mirija na mifuko mingine mitupu. Mashine huuzungusha kwa kasi, tabaka hujitenga, na kila moja husukumwa kwenye mfuko wake. Hapo ndipo njia zinapoachana. Seli nyekundu hukaa kwenye friji ya nyuzi 2 hadi 6 kwa siku 35, au 42 zikiongezewa maji ya lishe. Plazma hugandishwa chini ya nyuzi 18 za baridi na hudumu mwaka. Chembe sahani hazitaki friji. Hukaa kwenye nyuzi 20 hadi 24, juu ya kifaa kinachotikisa mchana na usiku, na siku tano baadaye zimekwisha. Tena ni lazima zitolewe saa chache tu baada ya kuchanga. Damu ikiingizwa kwenye friji nzima nzima, seli nyekundu zinafaa lakini chembe sahani zimeshaharibika. Kituo kisicho na mashine ya kuzungusha, au kilichopewa damu jioni ya Ijumaa bila mtu wa zamu, hakiwezi kuzitoa hata mngechanga ishirini.

Kwa hivyo ulizeni mapema, siku mbili tatu kabla ya binamu kupata dawa ya saratani, ni lini kituo hutenganisha damu, mfike asubuhi hiyo. Mfuko mmoja wa chembe sahani kutoka kwa mchangiaji mmoja humpandisha mtu mzima kwa 5,000 hadi 10,000 tu, ndiyo maana huunganishwa minne au sita. Mfuko mmoja wa seli nyekundu humpandisha gramu moja hivi ya himoglobini.

Kenya inapokea wachangiaji wa miaka 16 hadi 65, wenye kilo 50 au zaidi na himoglobini ya 12.5 kwenda juu. Mwanamume husubiri miezi mitatu kabla ya kurudia, mwanamke minne. Plazma yako hurudi ndani ya siku moja au mbili ukinywa maji. Seli nyekundu huchukua wiki nne hadi nane. Chuma, zaidi ya miligramu 200 ulizoacha kwenye mfuko, ndicho huchelewa. Huduma ya taifa ya damu ilianzishwa baada ya shambulio la bomu la tarehe 7 Agosti 1998 hapa Nairobi, jiji lilipojifunza kwa machungu kwamba damu inayookoa ni ile iliyokuwa kwenye friji tangu jana.

Damu zetu hazipatani?

*Mke wangu ni O hasi, mimi ni A chanya. Wakwe wanasema ndoa hii haitazaa watoto wazima. Ana mimba ya kwanza, wiki 24. – Baba mtarajiwa, Pipeline*

Itazaa, mkishika kalenda. Herufi za makundi ya damu, A, B na O, alizozigundua daktari Karl Landsteiner wa Austria mwaka 1901, kwa kawaida hazileti shida kubwa kwenye mimba. Shida ni hiyo chanya na hasi. Mtoto akirithi chanya yako, na seli zake nyekundu zikaingia kwa mama, hasa wakati wa kujifungua, limfosaiti za mama huziona kama wageni na kutengeneza kingamwili. Mtoto wa kwanza huwa ameshatoka salama. Wa pili ndiye hukuta silaha tayari. Kingamwili hupita kondo na kuvunja seli zake, akazaliwa na manjano kali na upungufu mkubwa, au asizaliwe hai.

Sindano ya anti-D huziondoa seli hizo za mtoto kabla mwili wa mama haujazisoma. Hutolewa wiki ya 28, kisha ndani ya saa 72 baada ya kujifungua kama mtoto ni chanya. Hutolewa pia mimba ikiharibika, au mama akivuja damu au kugongwa tumboni. Makosa yanayotokea ni mawili: mimba iliyoharibika miezi ya mwanzo na hakuna aliyeuliza kundi, na hospitali kuishiwa na sindano usiku wa kujifungua. Hasi ni wachache hapa kwetu, hivyo maduka mengi ya dawa hayaiweki. Mna wiki nne kabla ya ile ya kwanza. Kabla ya kuchomwa apimwe kama kingamwili tayari zipo, maana zikishatengenezwa sindano haizifuti. Na yeye akihitaji damu, apewe O hasi. Itafuteni miongoni mwa ndugu zake wa tumbo moja kwanza.

Kwa nini vifuniko vya chupa vina rangi tofauti?

*Nilitolewa chupa nne. Ni damu ile ile moja, si wizi huu? – Mstaafu, South C*

Mzee, si wizi. Zote nne hazifiki vijiko vinne vya chai, na kila moja ina dawa yake. Zambarau ina dawa inayokamata kalsiamu, na bila kalsiamu damu haigandi, kwa hivyo seli zinahesabika. Ni lazima igeuzwe polepole mara nane hadi kumi. Isipogeuzwa, madonge madogo ya damu hunasa chembe sahani na karatasi ikasema unazo 60,000 kumbe unazo 250,000. Ukipata jibu hilo bila michubuko wala fizi kutoka damu, omba lirudiwe kabla ya kuogopa. Nyekundu au ya manjano huachwa igande nusu saa, kisha maji yanayobaki hupimwa figo, ini na protini. Humo ndimo inaonekana albumini, protini ya ini inayoshikilia maji ndani ya mishipa, ambayo ikishuka miguu huvimba. Ya buluu hupima kuganda kwa plazma, na ni lazima ijae hadi mstari, sehemu tisa za damu kwa moja ya dawa. Ikipungua, jibu hutoka kana kwamba damu yako haigandi. Ya kijivu ni ya sukari. Ina dawa inayozuia seli kuila, kwa sababu hata ndani ya chupa zinaendelea kula, na kila saa inayopita mezani bila dawa hiyo huondoa asilimia tano hadi saba ya sukari iliyokuwemo.